Hoja mbovu imetua barazani: uitaje jina, uiulize, au uijibu kwa mfano?

Mwenzako amemaliza kusema. Watu wanatikisa vichwa kumkubali. Wewe unajua kwamba alichosema hakisimami, ila zamu imeshakufikia na kikombe cha kahawa bado kinakuunguza vidole. Utaanzia wapi?

Nafundisha mdahalo skuli hapa Unguja, na swali hili huletwa kwangu kila muhula. Watu wazima nao huliuliza, kwa chini chini, aghalabu siku ya pili baada ya kubishana na shemeji. Kuitambua hoja mbovu si tabu yao tena. Wanajua kuwa kumtukana msemaji si kumjibu. Wanajua kuwa jambo kutangulia jingine si dalili kwamba ndilo lililolisababisha, na kwamba "ama hivi ama vile" mara nyingi huficha njia ya tatu. Tabu inaanza baada ya hapo: ukishaliona kosa, ulishughulikie vipi bila kuonekana mjuvi, bila kuwapoteza wasikilizaji, na bila kumpoteza huyo unayebishana naye?

Njia ninazoziona zikitumika ni tatu, na kila moja ina watu wanaoiapia. Ya kwanza ni kulitaja kosa waziwazi. Ya pili ni kumuuliza msemaji maswali mpaka alione mwenyewe. Ya tatu ni kumrudishia mfano wenye umbo lile lile la hoja yake, ili ubovu uonekane mahali ambapo hakuna mwenye sababu ya kuutetea.

Nitatumia neno ghalati kwa maana ya hoja mbovu. Kwetu ghalati ni kosa lolote, hata la kuandika jina vibaya. Waliosoma mantiki kwa masheikh wanamjua ndugu yake, mughalata, yaani hoja iliyovaa sura ya haki na haki yenyewe haimo. Elimu hii ni kongwe. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alizihesabu ghalati 13, 6 zikitokana na maneno yenyewe na 7 zikitokana na mengineyo. Karne nyingi baadaye wanafalsafa al-Farabi na Ibn Sina wakazichambua kwa Kiarabu. Orodha za siku hizi ni ndefu zaidi, lakini kwa baraza la kawaida saba au nane zinakutosha maisha.

Mkutano wa kupimia

Ili nisipendelee, njia zote tatu nitazipima kwa mkutano mmoja. Nimeuunda kutokana na mikutano kadhaa niliyokaa nyuma nikisikiliza, kijijini kwa mama yangu, pwani ya kusini mwa Pemba. Ajenda ni kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu ili pweza wakue. Pweza haishi sana, mwaka na kidogo hivi, lakini hukua mbio, kwa hiyo miezi michache ya kumwacha inabadilisha uzito anaokuja nao kwenye mizani. Kijana wa kamati ameieleza hoja hiyo, tena vizuri. Majibu yakaja matatu:

"Huyu hata kuogelea hajui. Atatufundisha sisi bahari?"

"Leo miezi mitatu, mwakani mwaka mzima, kesho kutwa bahari yote si yetu."

"Babu zetu hawakufunga mwamba hata siku moja, na pweza hawakwisha."

La kwanza linampiga mtu badala ya hoja. La pili linateremka kutoka hatua moja hadi maangamizi bila kuonyesha ngazi za katikati. La tatu linayageuza mazoea kuwa ushahidi. Kitabuni zote tatu ni ghalati na habari imekwisha. Mkutanoni haijakwisha, kwa sababu ndani ya kila moja mna punje ya jambo la kweli, na hapo ndipo njia zetu tatu zinapoachana.

Vipimo

Kila njia nitaiuliza mambo matano. Ina kasi gani? Inataka maandalizi gani? Wasikilizaji wanaondoka na nini? Kesho yake mtakaa baraza moja? Na ikikugeukia, inakugeukia vipi? Kisha nitasema inamfaa nani. Kipimo cha nne wengine watakiona kidogo. Kwenye kisiwa ambacho uliyebishana naye asubuhi utamkuta daladalani mchana na msikitini jioni, mimi nakiweka mbele ya vyote.

Njia ya kwanza: kulitaja kosa

"Mwenyekiti, kuogelea kwake hakuhusu. Huko ni kumpiga mtu, hoja hajaigusa." Umemaliza.

Kasi. Hakuna inayoifikia. Ni sentensi moja, na katika mdahalo wa skuli, ambako mtunza muda amekaa na kengele yake, sentensi moja ni mali.

Maandalizi. Uzijue ghalati kwa sura, na uweze kuzieleza kwa Kiswahili cha nyumbani. Mwanafunzi wangu mmoja alikariri majina ya Kilatini mpaka akawa anayasema usingizini. Jaji akamwomba afafanue moja tu, na zilizobaki za dakika zake nne akazitumia kumeza mate.

Wasikilizaji. Wanapata chombo. Mtu aliyeelezwa vizuri mara moja kwamba "huku ni kumpiga mtu" atalitambua jambo hilo wiki ijayo redioni bila kusaidiwa. Lakini asiyeelezwa kwa nini ni kosa huondoka na kibandiko tu, na keshokutwa atambandika nacho kila asiyekubaliana naye.

Kesho yake. Hapa panauma. Kumwambia mtu mbele za watu kwamba ametoa ghalati, yeye anasikia kwamba hajui kufikiri. Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu nilimwambia ami yangu, pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, kwamba hoja yake inazunguka. Akavuta funda moja la kahawa, akasema: "Na wewe unazunguka tangu umalize skuli, kazi hujapata." Watu walicheka mpaka sinia la kashata likapinduka. Alichonipiga nacho kilikuwa ghalati ya wazi, na nilijua jina lake. Halikunisaidia kitu.

Ikikugeukia. Kwa namna mbili. Kwanza, huenda si ghalati. Kama kijana wa kamati alisema "niaminini, bahari naijua," basi kutokujua kuogelea kunahusu kabisa, kwa sababu ameiegemeza hoja kwenye nafsi yake. Kama ameleta hesabu za mizani kutoka kijiji kilichokwisha kufunga, hapo hata angekuwa hajawahi kulowa maji, hesabu ni hesabu. Pili, na hili ndilo linalowaangusha wanafunzi wangu walio hodari zaidi, hoja kuwa mbovu hakulifanyi kuwa uongo lile jambo lililotolewa hoja. Mtu anaweza kukwambia mvua itanyesha kwa sababu goti linamuuma, na ikanyesha.

Inamfaa mwanamdahalo mwenye majaji mbele yake. Inamfaa zaidi mwenyekiti wa kikao, ambaye kazi yake ni kulinda mazungumzo. Yeye akisema "tujibu hoja, tusimjibu mtu," hakuna anayehisi kushambuliwa.

Njia ya pili: kuuliza

Hii nitakaa nayo kidogo, maana inasifiwa sana na inatumika vibaya sana.

Mwulize yule mzee wa hoja ya pili: "Mzee wangu, hiyo miezi mitatu ikiisha, unaogopa nani atakataa kufungua?" Nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

Mara nyingi utapata jambo ambalo ghalati ilikuwa imelifunika. Mzee atakwambia: "Chumbe si wamefunga?" Naye hakosei: mwamba wa Chumbe, huku Unguja, ulitangazwa hifadhi mwaka 1994 na mpaka leo hauvuliwi. Hapo unaweza kumweleza tofauti, kwamba Chumbe ulikusudiwa kufungwa moja kwa moja tangu mwanzo, si kufungwa kwa muda kukasahauliwa. Lakini pia umeshajua anachokitaka, hata kama yeye mwenyewe hakuwa amekisema: anataka tarehe ya kufungua itangazwe kabla ya kufunga, na ijulikane nani ataisimamia. Hoja iliyoonekana ni woga mtupu imekuwa sharti, na sharti mkutano unaweza kulijadili. Kwa kulitaja kosa usingelipata. Ungepata mzee aliyenuna.

Kasi. Ndogo. Swali moja huzaa matatu, na wengine mkutanoni wana vyungu jikoni.

Maandalizi. Usilijue jibu mapema kupita kiasi. Najua wanaouliza kama mawakili mahakamani, kila swali ni mtego na mtegwa anauona toka mbali. Swali la kweli ni lile ambalo uko tayari kulisikia jibu lake hata likikuumiza. Unahitaji pia kuyafahamu mambo yenyewe, maana mzee akikutajia Chumbe nawe huijui, swali lako limekuwa silaha yake.

Wasikilizaji. Wanafikiri pamoja nanyi, na hicho ni kitu adimu. Ila walio mbali nyuma, wasiosikia vizuri, wanaweza kudhani umeshindwa kujibu ndiyo maana unauliza.

Kesho yake. Kwa kawaida mtakaa pamoja. Kijana akimwuliza mkubwa ni adabu. Akimkosoa ni utovu. Maneno yale yale yakiwa na "hebu nifahamishe, ami" mbele yake hupita mlango ambao "umekosea" haupiti.

Ikikugeukia. Kwenye chuo cha Kurani tulisomeshwa kisa cha Nabii Ibrahim alipoyavunja masanamu akaliacha lile kubwa lao. Walipomwuliza nani aliyefanya hivyo, akawaambia wayaulize yenyewe, kama yanaweza kusema. Wale watu kwanza walirejea nafsi zao wakaona wao ndio waliokosea. Halafu wakapinduka: wewe unajua kwamba haya hayasemi. Kisha ikaja habari ya moto. Swali lilifanya kazi yake barabara, na mtu aliyekwishaona kosa lake mbele ya umati ndiye aliyekuwa na hasira kuliko wote. Socrates wa Athens naye alitumia umri wake kuwauliza watu maswali, na mwaka 399 kabla ya Masihi wakampa sumu anywe. Si kila muulizaji atafikwa na hayo, lakini msije mkafikiri swali ni kitu laini kwa sababu lina alama ya kuuliza mwishoni.

Inamfaa mwenye muda, anayetaka kumbadilisha yule anayezungumza naye kuliko kuwashangiliza waliokaa pembeni. Mume na mke. Mwalimu na mwanafunzi. Kikao cha ukoo kuhusu shamba la mikarafuu ambalo kila mtu ana ushahidi wake.

Njia ya tatu: kurudisha kwa mfano

Kwa hoja ya babu, mwanamke mmoja anayechokoa pweza anaweza kusimama akasema: "Babu wa babu zetu hawakuwa na mkarafuu hata mmoja. Basi tuikate?" Na kweli, mkarafuu hatukuumbwa nao, asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, nao uliletwa huku mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa Mpemba, ambaye karafuu imemsomesha na kumuoza, huhitaji kuongeza neno. Kila mtu ameona kwamba "wa kale hawakufanya" peke yake haitoshi kukataza jambo.

Kasi. Ukiwa nao, ni ya papo hapo. Ukiwa huna, utaukumbuka usiku kitandani.

Maandalizi. Makubwa kuliko yanavyoonekana. Mfano lazima ufanane na hoja pale penye kosa, na uwe wa jambo ambalo wote wanakubaliana nalo. Wanafunzi nawapa zoezi: chukua hoja, ing'oe maneno yake, bakisha mifupa ("fulani hawakufanya hivi, kwa hiyo tusifanye"), kisha ivishe nyama nyingine. Wengi hushindwa wiki ya kwanza. Wanaolishinda zoezi hili mapema ni wale waliokulia kwenye nyumba za mafumbo na mashairi, na sishangai. Kamange na Sarahani, washairi wa Pemba, walijibizana kwa beti, na kujibu beti ni kushika umbo la mwenzako ukalijaza yako.

Wasikilizaji. Hawasahau. Miaka kumi baadaye mtu hatakumbuka nani alimpiga nani badala ya hoja, ila mkarafuu ataukumbuka.

Kesho yake. Inategemea kicheko. Mfano ukiwafanya watu wacheke pamoja na msemaji, mmesalimika. Wakimcheka yeye, umefanya mipasho, na mipasho ina ukumbi wake.

Ikikugeukia. Mzee wa babu atajibu: "Karafuu ilinipa kitu. Mwamba mnaniondolea." Ndipo utakapogundua kwamba mfano wako ulifanana upande mmoja tu. Amehama kutoka mazoea kwenda kwenye hasara, na sasa mnajadili nani atakula nini katika miezi hiyo mitatu, jambo ambalo huenda ndilo lililopaswa kujadiliwa tangu mwanzo. Kwa hiyo mfano ulioshindwa si lazima uwe umepotea.

Na tuwe macho na methali. Sisi tunazipenda, nami pia, lakini methali si ushahidi. Ukinipiga na "haraka haraka haina baraka" nitakujibu "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako," na hakuna kati yetu aliyesema lolote kuhusu pweza.

Inamfaa msemaji mwenye wepesi wa ulimi, mbele ya watu wengi ambao si wasomi wa mantiki wala hawana haja ya kuwa hivyo.

Kwa hiyo uchague ipi?

Kama uko kwenye mdahalo wenye majaji na saa, litaje kosa, lakini weka sentensi ya pili inayosema kwa nini ni kosa, na ya tatu inayosema hoja yako wewe. Majaji ninaokaa nao hawatoi alama kwa anayesahihisha tu bila kujenga chake. Ukiwa na mfano mfupi, umalizie nao.

Kama ni mkutano wa kijiji au wa shehia, wenye uamuzi utakaomgusa kila mtu mfukoni, anza na maswali hata kama yanachosha. Hoja mbovu mkutanoni mara nyingi ni malalamiko mazuri yaliyokosa msemaji. Mfano uuweke mwisho, watu wakishasikilizwa. Kulitaja kosa mwachie mwenyekiti.

Kama ni kundi la ukoo la WhatsApp, usilitaje kosa kabisa. Maandishi hayana uso wala sauti, na sentensi uliyoiandika ukitabasamu itasomwa na shangazi aliyekasirika. Swali moja lililo wazi, au mpigie simu.

Kama mwenzako anacheza na maneno makusudi na watu wanasikiliza, usifuatane naye kwenye neno hilo. Kuna kisa kingine cha Nabii Ibrahim, na mfalme aliyebishana naye. Ibrahim alisema Mola wake huhuisha na kufisha. Mfalme akasema hata mimi nahuisha na kufisha. Maana ya kuhuisha ilikuwa imeshapindwa pale pale. Ibrahim hakukaa kubishania neno. Akamwambia kwamba Mwenyezi Mungu huleta jua kutoka mashariki, basi wewe lilete kutoka magharibi, na mfalme akabaki hana la kusema. Hiyo si njia yoyote kati ya zangu tatu: ni kuiacha hoja iliyochafuliwa na kuleta iliyo wazi zaidi. Sijui jinsi ya kuifundisha, ila nikiiona naitambua.

Kama aliyeshikwa na ghalati ni wewe, sema "hiyo kweli haikukaa," kisha endelea na hoja yako nyingine. Kama huna nyingine, kaa.

Na kama ni mkubwa wako barazani, uliza, au subiri watu watawanyike. Mimi na ami tuliimaliza ile habari njiani tukirudi nyumbani, yeye na bakora yake, mimi nimebeba boflo. Nilimwuliza alikuwa anakusudia nini hasa. Nusu ya hoja yangu aliikubali kabla hatujafika mlangoni. Nusu ya pili ilingoja mpaka nilipopata kazi.